Yahuma: pesa ya haki iko, njia ya kuifikia ndiyo inakosekana

Kila mwaka, ubalozi na mifuko ya nchi za nje inatangaza pesa kwa ajili ya mashirika madogo ya Congo: pesa ya kusaidia watu kupata haki mbele ya tribinali, kulinda wamama na watoto waliotendewa jeuri, kutuliza ugomvi wa mashamba, kusimamisha kituo cha afya ao masomo. Matangazo yanatoka Kinshasa, ao New York, ao Ottawa. Yanaandikwa kifaransa ao kiingereza, yanawekwa kwenye intaneti, yanapewa wiki chache, kisha mlango unafungwa. Katika teritware ya Yahuma, mahali mingi simu inatafuta rezo juu ya mti, habari hiyo inafika wakati mlango umekwisha kufungwa. Ao haifike kabisa.

Tumeona vizuri kuandika jambo hili kwa Kiswahili na kwa urefu, kwa wasomaji wetu wa Kisangani wenye wako na jamaa kule, na kwa wale wa kule wenye gazeti linawafikia ndani ya mzigo wa mtumbwi. Tutasema ni pesa gani iko, nani anaitoa, makaratasi gani yanaombwa, na mahali gani dosie nyingi zinakufia. Tutasema pia neno moja lenye linasahauliwa: si kila pesa yenye Yahuma inakosa ni msaada. Ingine ni deni.

Kwa nini tunataja Yahuma

Tshopo iko na teritware saba: Bafwasende, Banalia, Basoko, Isangi, Opala, Ubundu na Yahuma. Kutoka Kisangani mpaka Yahuma, inaomba kushuka mto, kisha kushika moto ndani ya msitu. Mvua ikinyesha, hakuna dereva mwenye atakuambia utafika siku gani. Kule watu wanazungumza lugha zao na Lingala. Kiswahili ni cha mjini na cha wafanyabiashara. Kifaransa ni cha mwalimu, cha muganga na cha biro ya administrateta. Jambo hili la lugha si dogo, tutalirudilia.

Yahuma ni nchi ya msitu na mawese. Shamba kubwa la Lokutu, zamani likiitwa Elisabetha, linagusa teritware za Basoko, Isangi na Yahuma. Historia yake inaanza mwaka wa 1911, wakati serikali ya wabeleji ilipomupatia mwingereza William Lever ruhusa ya kuanzisha Huileries du Congo Belge. Shamba likakaa mikononi mwa Unilever mpaka mwaka wa 2009, likauzishwa kwa kampuni Feronia ya Canada. Feronia ikaanguka mwaka wa 2020, na kampuni ya hapa, PHC, ikaingia mikono mingine. Serikali ya Congo yenyewe iko na sehemu ndani yake, karibu robo moja.

Katika miaka ya Feronia, benki za maendeleo za Ulaya ziliingiza pesa mingi. Mwaka wa 2015 peke yake, kundi lenye kuongozwa na DEG ya Ujerumani, pamoja na FMO ya Uholanzi na BIO ya Ubelgiji, lilikubali kukopesha dola milioni 49. Lakini mwezi wa Novemba 2018, jamii tisa zenye kuishi kandokando ya mashamba hayo zilipeleka mashitaka huko Ulaya, kwenye ofisi ya malalamiko ya benki zenyewe. Walisema ardhi ya mababu ilikamatwa bila ruhusa yao. Mwaka wa 2019 ombi lao likapokelewa, na kazi ndefu ya kutayarisha mazungumzo ikaanza. Mwezi wa Novemba wa mwaka ule, Human Rights Watch nayo ikatoa ripoti juu ya wafanyakazi wenye kushika dawa za sumu bila kinga ya kutosha, na juu ya maji machafu yenye kumwangwa.

Tunataja hayo si kwa kufungua upya kesi ya mtu. Tunataja kwa sababu yanaonyesha jambo moja: wanakijiji wa sehemu zetu waliweza kufikisha sauti yao mpaka Köln na La Haye. Hawakufika peke yao. Walisaidiwa na mashirika yenye yalijua mlango ni upi, barua inaandikwa namna gani, na karatasi gani inafungwa pamoja nayo. Na ule ujuzi una bei: transport, tafsiri, simu, mikutano. Pesa yenye tunazungumzia leo ni ya kulipa kazi ya namna ile.

Haki iko mbali, na iko na bei

Sheria ya tarehe 11 Aprili 2013 juu ya mipango ya tribinali inasema tribinali ya amani, yenye watu wanaita tripaix, ndiyo iko karibu zaidi na raia: kwa mji na kwa teritware. Mahali tripaix haijasimamishwa, tribinali za kimila zinaendelea. Katika karatasi ni vizuri. Lakini mtu wa kijijini anajua hesabu ingine: mwendo wa siku mbili, pesa ya kuandikisha mashitaka, chakula cha mashahidi, na siku ya kwanza jije anasema kesi imesukumwa mbele.

Ndiyo maana ugomvi mwingi unaishia kwa wazee, kwa shefu wa grupema, ao kwa mapadri na wachungaji. Mara mingi wanafanya kazi nzuri. Lakini kuko mambo yenye mzee hana ruhusa ya kuyakata. Jeuri juu ya mwanamke ao mtoto ni moja: sheria ya tarehe 20 Julai 2006 inaiweka mikononi mwa parke na tribinali, hata kama jamaa mbili zimekwisha kupatana kwa mbuzi na pesa. Wakati hakuna mtu wa kueleza hilo kijijini, mtoto anabaki na mbuzi, na mkosaji anabaki nyumba ya pili.

Ardhi ni jambo la pili. Sheria ya mwaka wa 1973 ilisema udongo wote ni wa serikali, na kwamba haki ya wanakijiji juu ya ardhi wanayoishi itapangwa na amri ya rais. Miaka makumi mane na zaidi ikapita bila amri ile kutoka. Katika pengo hilo ndimo mnaingia makampuni, watu wakubwa wa mjini, na ugomvi kati ya makabila. Wana-Kisangani hawahitaji mfano wa mbali: tangu mwaka wa 2023, ngambo ya mto kule Lubunga, ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola umechoma manyumba na kujaza wakimbizi ndani ya mji. Ulianza na shamba la kampuni, yaani na karatasi moja yenye watu hawakuelewana juu yake.

Huduma zenye mifuko inalipia ni hizi: msaidizi wa sheria wa kijijini mwenye anajua kuandika mashitaka, avoka wa bure wa bararo ya Tshopo mwenye anashuka mara moja kwa miezi mitatu, kesi zenye kusikilizwa kijijini, wakati tribinali yenyewe inasafiri na majije, parke na karani, nyumba ya kupokea mama aliyetendewa jeuri, na mtu wa kumusindikiza hospitalini mbele ya saa 72 kupita. Bila pesa ya transport, hakuna hata moja inaweza kufanyika Yahuma.

Kwanza tudai deni

Mbele ya kuomba, inaomba kujua chenye kinakuwa chako. Tumehesabu milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni ule wa katiba. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, artikli 175, inapatia majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa. Na sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inasema sekta, chefferie, komini na miji inapata asilimia 40 ya ile sehemu ya jimbo. Fahamu vizuri: teritware yenyewe haiko ndani ya hesabu hii. Ni sekta na chefferie ndizo ziko. Kwa hiyo mtu wa Yahuma mwenye anauliza «pesa yetu iko wapi?» aulize kwa sekta yake, aombe kuona bajeti, aulize nini ilifika na nini haikufika. Kila mtu anajua retrosesyo inafika kidogo na kwa kuchelewa. Lakini kijiji chenye kinauliza kwa maandishi kinaacha alama, na alama hiyo mufadhili anaipenda: inaonyesha kama watu hawakungojea mgeni ili waanze.

Mlango wa pili ni wa msitu. Kampuni yenye inakata miti kwa mkataba wa serikali inalazimishwa na kodi ya misitu ya mwaka wa 2002 kupatana na jamii juu ya kazi za kijamii: barabara, masomo, kituo cha afya. Arete ya tarehe 7 Juni 2010 imeonyesha namna ya kuandika mapatano hayo. Kwa kila meta kibi ya mti, kampuni inaweka dola kati ya 2 na 5, kufuatana na aina ya mti, ndani ya mfuko wa maendeleo wa kijiji. Mfuko unaongozwa na komite yenye wanakijiji wanachagua, na kuko komite ya pili ya kufuatilia, yenye administrateta wa teritware anaiongoza. Mahali mapatano yameandikwa vibaya, ao komite ni ya jamaa moja, pesa inapotea na watu wanalaumu mzungu. Jamii inaweza pia kuomba msitu wake wenyewe: dekre ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu kijiji kupewa konsesyo ya msitu mpaka ektari 50 000.

Mlango wa tatu ni wa fidia. Tarehe 9 Februari 2022, Korti ya Kimataifa ya La Haye iliamuru Uganda kulipa Congo dola milioni 325: milioni 225 kwa ajili ya watu waliokufa na kuumia, milioni 40 kwa ajili ya mali, milioni 60 kwa ajili ya utajiri wa udongo na msitu. Ilipangwa kulipwa kwa miaka mitano, dola milioni 65 kila mwaka. Mfuko wa kuzigawanya, FRIVAO, makao yake ni hapa Kisangani, juu ya ile vita ya siku sita ya Juni 2000. Tunajua namna mfuko huu umesumbuka. Mwezi wa Septemba 2025, waziri wa sheria wa zamani Constant Mutamba alihukumiwa Kinshasa miaka mitatu ya kazi ya nguvu, katika kesi ya dola zaidi ya milioni 19 za kujenga gereza ya Kisangani. Kuko pia FONAREV, yenye sheria ya tarehe 26 Desemba 2022 iliianzisha kwa ajili ya watu waliotendewa jeuri ya ngono katika vita na makosa mengine makubwa. Hiyo inapata sehemu ya mapato ya madini. Mtu mwenye anahusika na moja ya mifuko hiyo aende kujiandikisha na ushuhuda wake. Ile si zawadi ya mtu.

Sasa msaada wenyewe

Baada ya deni, tufike kwa msaada. Hatutaji kila kitu. Tunataja milango yenye shirika dogo la kijimbo linaweza kugonga.

Ubalozi wa Canada kule Kinshasa uko na Mfuko wa mipango ya mahali, FCIL. Huo unasaidia mashirika ya hapa moja kwa moja: haki za watu, utawala wa sheria, amani, haki za wanawake. Pesa si mingi. Kipimo cha mwisho ni dola 100 000 za Canada, lakini mipango mingi inapata sehemu ndogo tu ya hiyo. Kazi inapaswa kuisha mbele ya mwaka wa bajeti wa Canada kumalizika, mwezi wa Machi. Kwa Yahuma, maana yake ni hii: usiahidi kazi ya miezi kumi na mbili wakati mvua itakupatia sita tu.

Ubalozi wa Ufaransa uko na mpango kwa ajili ya mashirika ya raia, wenye zamani uliitwa PISCCA. Ubalozi wa Japani uko na msaada wa mipango midogo ya raia: huo unapenda kujenga na kununua vyombo, darasa, matarnite, kisima, lakini hauchukue mzigo wa mishahara. Basi usiupelekee bajeti ya watu kumi wa biro.

Umoja wa Mataifa uko na Mfuko wa demokrasia, UNDEF, wenye ulianza mwaka wa 2005. Huo unatoa kati ya dola 100 000 na 300 000 kwa mpango wa miaka miwili, na unapokea maombi kwa kifaransa. Lakini maelfu ya mashirika ya dunia nzima yanaandika, na makumi machache tu yanapata. Kwa shirika la Yahuma lenye halijawahi kushika hata dola elfu tano, ule si mlango wa kuanza. Kwa mashirika ya wanawake, kuko Mfuko wa wanawake kwa amani na msaada, WPHF, wenye Congo iko kati ya nchi zake. Mara ingine huo unatoa pesa ya kuimarisha shirika lenyewe, si ya kazi tu.

Kuko tena mlango wa kando, wenye watu wengi hawaufikirie: kuwa mshirika mdogo wa shirika kubwa. Kamisyo ya Haki na Amani ya kila diosezi, Caritas, bararo ya maavoka, mashirika ya Kisangani yenye yanajua kazi ya haki: hao wanaweza kushika pesa kubwa, na kugawa kazi kwa kundi la Yahuma kwa mkataba wa kuandika. Kundi linajifunza, linapata ripoti ya kuonyesha, na mwaka wa tatu linaomba kwa jina lake.

Inaomba pia kusema ukweli wa wakati huu. Mwezi wa Januari 2025, Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai 2025 USAID ikafungwa. Marekani ndiyo ilikuwa mtoaji wa kwanza wa msaada wa kibinadamu hapa kwetu. Mashirika mengi yenye yalikuwa yanaomba kule sasa yanasimama kwenye mstari wa Canada, wa Ulaya na wa Umoja wa Mataifa. Mstari umekuwa mrefu, kwa hiyo dosie ya ovyoovyo haiko tena na nafasi.

Makaratasi

Watu wa vijijini wanasema: «Banatuomba makaratasi yenye hatujui ata jina yake.» Ni kweli, lakini si mengi kama inavyoonekana. Sheria ya tarehe 20 Julai 2001, namba 004/2001, ndiyo inaongoza mashirika yasiyo ya faida, ASBL. Inaomba watu saba kwa uchache wenye kuweka saini kwenye karatasi ya kuanzisha. Inaomba sheria za shirika zenye kusema jina, makao, lengo, wanamemba, namna ya kuchagua viongozi na namna ya kuchunga pesa.

Hapo dosie inapelekwa kwa wizara ya sheria, na inapita kwa wizara yenye kuhusika na kazi ya shirika: mambo ya jamii, afya, kilimo ao haki za binadamu. Ile wizara ikitoa maoni mazuri, maoni hayo yanakuwa ruhusa ya muda ya miezi sita. Sheria inasema miezi sita ikipita bila jibu, shirika linahesabiwa kama limekubaliwa, na waziri anapaswa kutoa arete. Mashirika mengi hayajui artikli hii, na yanangoja miaka, ao yanalipa mtu wa kati mwenye anajua kuwaogopesha. Chunga nakala ya kila karatasi yenye umeweka, na tarehe, na muhuri wa kuipokea. Bila muhuri wa kupokea, hakuna mtu atahesabu miezi yako.

Kisha konti ya benki kwa jina la shirika, si kwa jina la prezidenti, na saini mbili kwa uchache. Benki ziko mjini Kisangani, si msituni. Basi inaomba kuchagua watu wa saini wenye wanaweza kufika. Tumeona dosie nzuri zikikufia hapo: watu watatu wa saini, mmoja amehamia Kinshasa, mwingine hana kitambulisho, na siku ya kuweka konti mfadhili amekwisha kupita.

Vile dosie inaandikwa

Tuchukue mfano wa kufikiri tu. Kundi la wamama katika kijiji kimoja cha Yahuma linataka kupunguza ugomvi wa mashamba na kusindikiza wasichana waliotendewa jeuri. Dosie ya kwanza yenye watu wengi wanaandika inasema hivi: «Tunaomba dola 80 000 kwa kuleta amani, haki na maendeleo Yahuma.» Mfadhili anaiweka pembeni, na hatuna sababu ya kumulaumu.

Dosie ya pili inasema: katika vijiji vinane, kwa miezi kumi, watu kumi na sita, nusu wamama, watafundishwa na avoka namna ya kusikiliza, kuandika na kutuma kesi. Kila mmoja atashika buku lenye namba, bila majina ya wasichana. Kila mwezi wanakutana. Avoka anakuja mara tatu. Kesi za ardhi zenye wazee wanaweza kukata zinakatwa mbele ya watu na kuandikwa. Za jeuri zinapelekwa parke, na nauli ya mama na mtoto iko ndani ya bajeti. Mwishoni tutahesabu: kesi ngapi zilipokelewa, ngapi zilikatwa, ngapi zilipelekwa, ngapi zilirudi bila jibu.

Tofauti haiko katika kifaransa kizuri. Iko katika hesabu. Na bajeti inapaswa kujua msitu: essence, mtumbwi, matengenezo ya baiskeli, mabuti ya mvua, batri ya simu, panneau ya jua ndogo. Mtu wa Kinshasa hajui bei ya lita moja ya essence Yahuma wakati barabara imekatika. Mwandikie, weka na sababu. Weka pia chenye kijiji kinaleta: nyumba ya mkutano, chakula, kazi ya mikono. Wafadhili wengi wanakipima kile.

Lugha sasa. Andika kwanza kwa lugha yenye watu wa kundi wanaelewa, Lingala ao Kiswahili, wote wakubali, kisha mwalimu ao mtoto wa université atie kwa kifaransa. Ikianza kwa kifaransa cha mtu mmoja, mpango ni wa yule mtu. Siku akienda, unaenda naye.

Mfuko wa mkononi

Hatuwezi kumaliza bila kutaja ugonjwa wenye kila mtu wa Kisangani anaujua: shirika lenye makao yake ni mfuko wa mkononi. Mtu mmoja, muhuri mmoja, sheria za shirika za kukopi, na picha za wakimbizi wa mahali pengine. Anaomba kwa jina la Yahuma na hajawahi kukanyaga Yahuma. Anayelipa ni mama wa kijijini, kwa sababu mfadhili akidanganywa mara moja, anafunga mlango kwa jimbo nzima.

Kuna dawa, na si ngumu. Kila shirika lenye limepata pesa kwa jina la kijiji lisome mkataba mbele ya kijiji: kiasi gani, kwa kazi gani, mpaka lini. Libandike bajeti kwenye ukuta wa kanisa ao wa biro ya grupema. Radio za mahali zinaweza kuisoma kwa Lingala. Ni kazi ya asubuhi moja, na inazuia maneno ya mwaka nzima.

Majirani wametupatia pia mfano. Tanzania, tangu mwaka wa 2011, iko na mfuko unaitwa Legal Services Facility, wenye unakusanya pesa ya wafadhili mahali pamoja na kuzigawa kwa makundi ya wasaidizi wa sheria katika wilaya zote, bara na Zanzibar. Mwaka wa 2017, sheria ya msaada wa kisheria ikawatambua wasaidizi hao rasmi. Kenya ilifanya sheria yake mwaka wa 2016. Hapo kundi la wilaya ya mbali halikimbizane na ubalozi kila mwaka: linajua mlango ni mmoja, na kipimo ni kimoja kwa wote. Sisi tuko na maavoka, tuko na kamisyo za makanisa, tuko na université yenye kutoa wanasheria kila mwaka. Chenye tunakosa ni mfuko mmoja wa jimbo, wenye macho mengi juu yake.

Nini inaweza kuanza sasa

Bunge la jimbo la Tshopo linaweza kuuliza, mbele ya bajeti ijayo, kiasi gani kimefika kwa kila sekta na chefferie ya Yahuma, na kuchapisha jibu. Bararo ya Kisangani inaweza kupanga safari za msaada wa bure kwa mwaka nzima na kuzitangaza, ili kundi la kijijini liweze kuandika siku hizo ndani ya dosie yake. Mashirika ya mjini yenye yanapata matangazo ya wafadhili kwenye simu kila wiki yanaweza kuyasoma kwa radio kwa dakika tano, kwa Lingala na Kiswahili. Na wana-Yahuma wenye wanaishi Makiso, Mangobo ao Kabondo wanaweza kufanya kazi yenye hakuna mfadhili anailipa: kupokea dosie ya kijiji, kuipeleka, kuomba muhuri wa kuipokea, na kurudisha nakala nyumbani.

Kwa kundi lenye litasoma hapa na kutaka kuanza, tunashauri mpango huu: mwezi huu watu saba na karatasi ya kuanzisha, mwezi wa pili sheria za shirika na dosie kuwekwa, mwezi wa tatu buku la kesi, hata bila pesa yoyote. Tangazo lijalo likitoka, mtakuwa na buku lenye kurasa zimejaa, na mtu wa Kinshasa ataona kama kazi iko, inangoja nauli tu.